Nani Anamjua Mtoto Wako Shuleni?

Asubuhi ya Masimba, huku Gusii, huanza na baridi. Ukungu hulala juu ya majani ya chai hadi jua lipate nguvu, na vijia vya udongo mwekundu huteleza hata siku ambayo haikunyesha. Kabla ya saa moja utawakuta watoto wa shule humo njiani, mikono imefichwa ndani ya sweta, mikoba mgongoni, mmoja anatafuna kiazi kitamu cha jana, mwingine anamvuta mdogo wake mkono ili wasichelewe kengele. Wanateremka, wanapanda, wanafika langoni. Swali langu kwa mzazi na mwalimu anayesoma makala haya ni hili: wakifika langoni, nani anawaona?

Siulizi nani anawahesabu. Wa kuhesabu hawakosekani. Rejista ipo, kiranja yupo, mwalimu wa zamu yupo. Namuulizia mtu mzima mmoja atakayemwangalia mtoto huyu usoni na kutambua kwamba jana alikuwa akicheka na leo hajafungua kinywa. Nimefundisha miaka mingi, kwanza pwani nilikozaliwa, kisha huku kwenye milima ya Gusii, na kila nikipima yaliyofaulu na yaliyoharibika narudi palepale. Mtoto anayejulikana shuleni hufundishika. Asiyejulikana, hata apewe vitabu vyote vya serikali, hupotea mbele ya macho yetu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilipewa darasa la watoto wadogo. Siku ya pili msichana wa kama miaka sita alijikunyata kwenye dawati la nyuma akaanza kulia, "Baba! Baba!" Nilimbembeleza kwa Kiswahili changu cha pwani. Nikamwambia baba atakuja, baba yuko kazini, baba hajamsahau. Kilio kikazidi. Nilikaa naye karibu kipindi kizima nikimwahidi baba. Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapa, alipopita dirishani ndipo aliponiita kando akanieleza kwamba kwa Ekegusii "baba" ni mama, na baba huitwa "tata". Mtoto alikuwa akimlilia mama yake, nami nilikuwa nikimwahidi mtu mwingine. Jioni nikaambiwa kwamba mama huyo alikuwa amelazwa hospitalini tangu Jumapili.

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na nia njema, na andalio la somo langu lilikuwa limeandikwa vizuri. Nililokosa ni neno moja. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na mzazi anayedai mtoto wake asemeshwe Kiingereza tupu tangu siku ya kwanza ya chekechea. Sera ya elimu ya Kenya inataka watoto wa chekechea hadi gredi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na sera hiyo ina akili. Kiingereza kitakuja, na Kiswahili kitakuja. Lakini mtoto wa miaka mitano akiumwa tumbo, akiogopa, akipigwa na mwenzake chooni, atayasema hayo kwa lugha ya nyumbani au hatayasema kabisa. Nawe mwalimu mgeni uliyetumwa Masimba, Keroka au Nyansiongo, kabla ya mwezi kwisha uwe umejifunza angalau maneno hamsini ya Ekegusii, na yaanze na haya: naumwa, nina njaa, naogopa, nimepigwa.

Baada ya lugha, jina. Majina ya watoto wa hapa yamebeba habari. Kwamboka ni msichana aliyezaliwa wakati wa kuvuka, au aliyepewa jina la bibi aliyezaliwa hivyo. Nyanchera ni wa njiani, kwa sababu enchera ni njia. Muulize Nyanchera wa darasa lako ni njia ipi hiyo. Hatajua. Atakwenda nyumbani kumuuliza nyanya yake, na kesho atarudi na habari ya mvua, mto uliofurika na jirani aliyekimbia kutafuta msaada. Mtoto ambaye hajawahi kusimama mbele ya wenzake atataka kusimama kuisimulia. Hapo umepata insha, umepata somo la ukoo, na umempata mtoto mwenyewe.

Utaniambia, mwalimu, darasa langu lina watoto sitini, wakati huo nitautoa wapi? Nami nimelifundisha darasa la sitini. Nunua daftari la kurasa 96 na umpe kila mtoto ukurasa mmoja. Zungumza na watoto watatu kwa siku, dakika tano kila mmoja, wakati wa mapumziko au wenzao wakiwa wanaandika zoezi. Wiki nne za shule ni siku 20, na katika siku 20 umewamaliza wote 60. Andika mambo madogo: anaishi na nani, nani humwamsha, anatembea muda gani, jana usiku alikula nini, anapenda nini kupita vyote. Mambo ya aibu ya nyumba za watu usiyaandike. Yapeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha kwa mdomo. Daftari lenyewe lifungie kabatini, lisizagae juu ya meza ya ofisi.

Nitakupa mfano wa faida yake. Kulikuwa na mvulana wa gredi ya nne aliyesinzia darasani siku mbili au tatu kila wiki. Alikuwa ameadhibiwa kwa usingizi huo muhula mzima, na kwenye ripoti mtu aliandika "mvivu". Zamu yake ilipofika nilimuuliza jana usiku alikuwa wapi. Akasema, "Kwa kituo cha majani, na magokoro." Magokoro ni nyanya. Kumbe bibi yake aliyemlea huchuma chai kwenye kishamba chake, na siku za kupeleka majani lori la kiwanda huchelewa. Bibi haoni vizuri gizani. Mvulana hubeba taa, hulinda kikapu, hungoja foleni ya mizani, kisha humrudisha bibi nyumbani saa tano au saa sita za usiku. Yule tuliyemwita mvivu alikuwa ndiye mwanamume wa nyumba hiyo akiwa na umri wa miaka kumi. Niliongea na bibi, bibi akaongea na jirani, na tangu wiki hiyo jirani akawa anapeleka majani ya nyumba mbili. Usingizi ulikwisha. Hakuna dawa nyingine iliyotumika.

Kama unadhani huu ni upole wa mwalimu mmoja usioweza kubeba shule nzima, mtazame Peter Tabichi. Ni mzaliwa wa huku kwetu, Nyamira, mtawa wa Wafransisko, na alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani katika kaunti ya Nakuru, alipotuzwa Dubai mwezi Machi 2019 kuwa mwalimu bora duniani kwa zawadi ya dola milioni 1. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Wengi wanamkumbuka kwa kutoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wahitaji, na sifa hiyo anaistahili. Lakini mwalimu mwenye mkopo wa benki na watoto watatu atasema hilo haliwezi. Basi na aige mawili mengine. Tabichi alikuwa akiwafuata nyumbani wanafunzi waliokaribia kuacha shule, akiketi na wazazi wao, akizungumza na familia zilizotaka kuwaoza mabinti mapema. Tena alianzisha chama cha kukuza vipaji na chama cha amani, mahali ambapo machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliwaacha watu wakitazamana kwa kabila. Watoto hao wa shule ya kijijini ndio waliofuzu kwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani, mwaka 2019. Kwanza waliketishwa pamoja wakajuana, ndipo sayansi ikafuata.

Wagusii wenyewe wana desturi inayofaa kurudishwa shuleni. Robert LeVine na mkewe Barbara, watafiti Wamarekani walioishi Gusii kati ya 1955 na 1957, walieleza jinsi kila mtoto mchanga alivyokuwa na mtoto mkubwa wa kumtunza wakati mama akiwa shambani. Mlezi huyo mdogo huitwa omoreri, neno ambalo ukilisikiliza vizuri utasikia "mlezi" ndani yake. Tangu 2023 gredi ya saba, na sasa hadi ya tisa, wamekuwa wakisomea kwenye viwanja vya shule za msingi, na nimesikia walimu wengi wakilalamika kwamba vijana hao wakubwa wanawasumbua wadogo. Wape kazi ya omoreri. Kila mwanafunzi wa gredi ya nane akabidhiwe mtoto mmoja wa gredi ya kwanza: amsubiri langoni, amwoneshe choo, ale naye mara moja kwa wiki, amsikilize akisoma dakika kumi. Mwalimu asimamie kwa karibu na shughuli zote zifanyike uwanjani au darasani mbele ya macho ya watu. Nimeona mvulana aliyekuwa mwiba wa shule akikaa chini ya mti akisahihisha "ba, be, bi" za mtoto mdogo kwa subira ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuiona kwake.

Sasa tumbo na usingizi, kwa ufupi, maana haya hayana fumbo. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa nne hasikii unachosema. Shule nyingi huku hupika githeri kwa mahindi na maharagwe ya wazazi, na aliye na shamba hutoa gorogoro la nafaka badala ya pesa. Jambo hilo lisife. Kamati ya wazazi ikubali ndizi, viazi, kuni na hata siku ya kazi jikoni kutoka kwa asiye na mahindi, ili asiwepo mtoto wa kusimama kando wenzake wakila. Mboga za chinsaga na managu zipandwe nyuma ya jiko la shule. Zinakua upesi na hazihitaji mtaji.

Kuhusu usingizi, mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 kila usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 mpaka 10. Fanya hesabu ya mtoto wako. Akilala saa nne na nusu usiku na kuamshwa saa kumi na nusu ili awahi masomo ya alfajiri, amelala saa sita. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema vipindi vya shule ya kutwa viwe kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo. Mzazi anayeshindana na jirani yake nani mtoto wake ataondoka mapema zaidi gizani, anashindana kumharibu.

Hata kusoma kwenyewe hakutaki urefu wa saa. Mama ambaye hakwenda shule anaweza kumfundisha mtoto wake zaidi ya anavyodhani. Akiwa anapika, amwambie, "Funga kitabu, nieleze mlichosoma leo." Mtoto akikwama afungue, aangalie, afunge tena, aendelee. Kesho kutwa amuulize tena jambo lilelile. Kuvuta somo kutoka kichwani ndiko kunakolikaza. Kulisoma mara ishirini kwa macho hulipitisha tu. Na mama, kwa kusikiliza, atajua pia mwalimu gani mtoto anampenda na ni somo gani linamtia hofu.

Nije kwenye adhabu, na hapa nitakaa kidogo.

Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamkataza yeyote kumpiga mwanafunzi au kumtesa kiakili, na anayevunja anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyo inajulikana na fimbo bado ipo. Mara nyingi mzazi mwenyewe ndiye anayeileta: "Mwalimu, huyu nimekuachia, mchape, mimi nirudishie mifupa tu." Mzazi mwenzangu, naijua hofu iliyo nyuma ya maneno hayo. Unaogopa mtoto ataingia kwenye pombe, ataingia kwenye pikipiki kabla ya wakati, atakushinda. Lakini fikiri fimbo inafanya nini. Inamfundisha mtoto kujificha. Atajua mwalimu gani yuko zamu, atajua njia ya nyuma ya choo, atajua uongo upi unapokelewa. Siku atakapokuwa na jambo zito, mtu mzima amemshika pasipostahili au rafiki yake amezungumzia kujiua, mwenye fimbo atakuwa wa mwisho kuambiwa. Tumebadilisha kumjua mtoto kwa kunyamazisha darasa, na ni biashara ya hasara.

Wengine wameacha fimbo wakashika jembe. Aliyechelewa alime hatua kumi. Aliyepiga kelele akafyeke. Aliyefeli akamwagie miche maji. Nisikilizeni, walimu wenzangu: tuko katikati ya mashamba ya chai na migomba. Mkono unaoshika jembe ndio unaolipa karo ya watoto hawa, ndio uliojenga shule hii. Kila mara tunapomtuma mtoto shambani kwa kosa, tunamwambia kazi ya mama yake ni adhabu. Kisha akifika miaka kumi na minane anaukimbia udongo kwenda kukaa bure mjini, nasi tunashangaa vijana wa leo wana nini.

Jembe lipewe heshima yake. Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, vikafifia, kisha serikali ikavizindua upya mwaka 2021. Anzisha chama hicho shuleni na uwape bustani wanafunzi wenye nidhamu kwanza, iwe ni nafasi ya kugombewa. Mavuno yaende kwenye jiko la shule, na majina ya waliolima yasomwe kwenye gwaride. Mkosaji naye aadhibiwe kwa kurekebisha alichoharibu: aliyevunja dawati amsaidie fundi kulitengeneza, aliyemtukana mwenzake amwombe radhi mbele ya waliosikia, aliyechelewa mara tatu aketi na mwalimu wachore pamoja ratiba ya asubuhi yake tangu kuamka. Huyo wa mwisho mara nyingi utagundua ana mdogo wa kuvisha na ng'ombe wa kukama.

Kuhusu mitihani nitasema neno moja, kwa kuwa eneo letu linapenda sana kutajwa matokeo yakitangazwa. Ukutani mwa madarasa yetu kumebandikwa maadili manane ya mtaala: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki na uadilifu. Mtoto anayasoma kila siku. Siku ya mtihani akiona mtu mzima anatafuta njia ya kumpenyezea majibu, au mzazi wake akichangishwa pesa za "kusaidia watoto", amefundishwa kwamba ukuta unadanganya. Mwakenya wa karatasi, yaani kikaratasi cha kuibia majibu, utamnyang'anya mwanafunzi kwa dakika moja. Mwakenya uliomwekea moyoni hutaung'oa. Mzazi anayeombwa mchango wa namna hiyo akatae, na akatae hadharani mkutanoni, ili wengine wapate ujasiri.

Wazazi wengi wa Kisii na Nyamira hufanya kila wawezalo mtoto alale bwenini, hata wa shule ya msingi. Sikatai kwamba bweni limewaokoa watoto fulani na nyumba ngumu. Hata hivyo, bwenini ndiko mtoto anakopotea kwa urahisi kuliko mahali pengine popote, maana watoto ni wengi na mtu mzima wa usiku ni mmoja. Machi 2001 moto uliua wavulana 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 uliua wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini ziliwashwa moto. Baada ya moto unaowashwa na wanafunzi, mara nyingi wenzao husema kwamba minong'ono ilikuwepo kwa siku kadhaa. Minong'ono inapotembea bwenini siku kadhaa na haimfikii mtu mzima yeyote, maana yake hapakuwa na mtu mzima wa kuambiwa.

Kwa hiyo kabla hujalipa karo, ingia bwenini kwa miguu yako. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unasema mlango ufunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2. Ukubwa huo unaweza kuupima kwa hatua zako. Uliza ufunguo wa mlango hukaa kwa nani usiku. Kisha mtafute matroni au bwana wa bweni, umuulize majina ya watoto watano wanaolala karibu na mlango. Asipoyajua, tafuta shule nyingine.

Lipo jambo la Desemba ambalo wengi huku hupenda lisisemwe. Shule zikifungwa, wavulana huenda jandoni, na wasichana wengine hukeketwa kwa siri ingawa Sheria ya 2011 inakataza. Siku hizi ukeketaji mara nyingi hufanywa na watu wenye mafunzo ya afya, ndani ya nyumba, bila nyimbo wala umati, na wasichana ni wadogo, wa gredi ya tatu, ya nne, ya tano. Mwalimu hulijua Januari, anapomwona mtoto aliyekuwa akiruka kamba sasa hataki kukimbia. Januari ni kuchelewa. Zungumza na wasichana Oktoba, kabla shule haijafungwa. Waambie waziwazi kwamba ni kosa la jinai, hata akifanya daktari, hata akitaka nyanya. Waandikie ubaoni namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, inayopokelewa usiku na mchana, wainakili nyuma ya daftari. Ukurasa wa mtoto kwenye daftari lako utakuonesha ni nyumba zipi za kutembelewa kwanza. Nenda na mzazi ambaye hakumkeketa binti yake. Maneno yake yana uzito kuliko yako.

Na wavulana, wakitoka jandoni, wengine hurudi Januari wakiwa hawataki kutumwa na mwalimu wa kike, wakidai sasa ni wanaume. Usianze kupambana nao darasani. Tatizo lilizaliwa Desemba, na waliolipanda ni wanaume waliokaa nao. Mwalimu mkuu na mchungaji wa eneo waongee na wanaume hao mapema, wawaombe jambo moja tu: kabla kijana hajatoka, aambiwe kwamba mwanamume huinuka mwanamke aliyemfundisha kusoma anapoingia. Kijana akilipata neno hilo kutoka kwa aliyemtunza akiwa na kidonda, halisahau. Na ikiwa msichana yeyote amepata ujauzito likizoni, miongozo ya 2020 inamruhusu arudi darasani. Mwalimu asimfukuze na mzazi asimfiche.

Akina baba, mwisho nawageukia ninyi. Kwenye mikutano ya wazazi niliyohudhuria, viti tisa kati ya kumi vilikaliwa na akina mama. Mwalimu hawezi kumjua mtoto ambaye nusu ya nyumba yake haijawahi kupita langoni. Hamhitaji hotuba wala suti. Njooni na gambuti zenu, mkitoka shambani.

Muhula ukifunguliwa, mpeleke mtoto mwenyewe asubuhi hiyo, usimpe boda boda. Muombe mwalimu wa darasa dakika tano na umuulize mambo matatu: mtoto wangu hukaa na nani wakati wa mapumziko, ni kitu gani humfurahisha, na akiwa na shida humwendea nani? Ukipata majibu, mshukuru, umwachie namba yako ya simu, urudi tena kabla ya muhula kwisha. Usipoyapata, usimgombeze mwalimu, maana huenda ana watoto sitini na ndiyo kwanza amehamishiwa hapo. Kaa chini umwambie wewe: analala na nani, anapenda nini, anaogopa nini, na nyumbani mnamwitaje.